Hajajibu na Hakujibu

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa mapema kwamba kiambishi -me- cha hali timilifu hukanushwa kwa -ja-, na kwamba -li- ya wakati uliopita hukanushwa kwa -ku-. Amejibu, hajajibu; alijibu, hakujibu. Hupewa mazoezi kumi, huyafanya, husahihishiwa, na somo hufungwa. Nilijifunza kulifundisha somo hilo chuo cha ualimu, mwaka uleule wa 1981 ambapo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka, na nikaendelea kulifundisha katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu.

Mzungumzaji wa lugha hii, hata asiyewahi kuketi darasani, anajua kwamba maneno hayo mawili yako mbalimbali sana. Hakujibu hufunga mlango. Hajajibu huuacha wazi. Muulize mama aliyekaa katika ndoa miaka kumi bila mtoto: hatakuambia "sikupata", atakuambia "sijajaliwa". Mzee wa miaka sabini ambaye hajafika Maka husema "sijahiji", wala hutamsikia akisema "sikuhiji" maadamu ana pumzi. Asemaye -ja- hushuhudia mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo halijawa, na kwamba muda wake haujakatika. Asemaye -ku- amekwisha kutoa hukumu.

Nayaandika haya kwa sababu katika ustaafu wangu nimeiona tofauti hiyo ikimgharimu mzee mmoja fedha zake, kisha nikaiona ikiingizwa katika majaribio ya programu ya kompyuta, ikakaa humo kama kipimo. Ni kisa ambacho washairi na wapenzi wa lugha wanastahili kukijua.

Wastaafu wenzangu kadhaa huweka akiba katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Chama hicho kilikuwa na programu ya simu: mwanachama huandika kiasi na jina la anayemlipa, hubonyeza, ombi husafiri mpaka kwenye kompyuta ya makao makuu, yaani seva, na seva ikishalipa hurudisha jibu. Siku moja mtandao ulikuwa mzito. Mwalimu mwenzangu alikuwa akimlipa fundi aliyemwezekea paa, shilingi 150,000. Alisubiri kiasi cha nusu dakika, kisha kioo cha simu kikamwandikia: "Ombi limeshindikana." Naye, kama mtu yeyote anayeamini alichosoma, akabonyeza tena. Jioni akakuta amekatwa shilingi 300,000. Fundi alipopigiwa simu alikwisha kuzitumia zote.

Ombi la kwanza halikuwa limeshindikana hata kidogo. Lilifika, seva ikalipa, ikaandika jibu. Jibu ndilo lililokawia njiani. Simu ilipaswa kusema "halijajibiwa". Ikasema neno jingine, na neno hilo likagharimu mshahara wa kibarua wa wiki kadhaa.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu, ndiye aliyepewa kazi ya kuitengeneza upya sehemu hiyo. Akaja nyumbani na kompyuta mpakato yake kwapani.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuazima Kiswahili chako."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Lakini sikupi neno la kitu nisichokifahamu. Nieleze kwanza."

Alinieleza kwa siku tatu, na nilichokielewa ni hiki. Ndani ya simu, na ndani ya seva vilevile, kuna kitu tulichokubaliana kukiita mzunguko wa matukio. Tukio ni jambo lolote lililotokea nje likataka kushughulikiwa: kidole kimegusa kioo, ujumbe umefika kutoka mtandaoni, saa iliyotegwa imelia. Matukio hupangwa foleni. Programu huchukua lililo mbele, hulishughulikia mpaka liishe, hurudi kwenye foleni, huchukua lifuatalo. Foleni ikiwa tupu, husubiri. Mhudumu ni mmoja tu, na hana msaidizi.

Nilimwambia kwamba mhudumu huyo namfahamu: ni mwalimu wa zamu katika shule ya bweni. Asubuhi anaketi ofisini. Anakuja mwanafunzi mwenye homa, anamwandikia karatasi ya kwenda zahanati. Anakuja mzazi, anamsikiliza. Inagongwa kengele ya chakula, anatoka, anarudi. Siri ya zamu njema ni moja: mwalimu asimpeleke mgonjwa zahanati yeye mwenyewe. Akienda, ofisi inabaki tupu, mzazi anasimama mlangoni, kengele haigongwi, na shule nzima huganda kwa ajili ya homa moja. Kwa hiyo humtuma mgonjwa na karatasi, huandika katika daftari la zamu, "Jibu likija kutoka zahanati, apewe ruhusa ya kupumzika," kisha humpokea anayefuata. Programu inapoganda mkononi mwako, aghalabu mwalimu wa zamu amekwenda zahanati.

Tazama kitenzi kilichomo katika daftari lile: likija. Mwalimu hakuandika "litakapokuja". Katika -po- kuna uhakika wa kuja, na kinachosubiriwa ni saa tu. Katika -ki- kuja kwenyewe kumewekwa rehani. Maagizo ambayo mwandishi wa programu huyaacha kwa ajili ya jibu lililo safarini yote ni ya -ki-, na programu nyingi mbovu ni zile zilizoandikwa na mtu aliyekuwa akifikiri kwa -po-.

Mtindo huu si wa jana. Mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzia chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, ulijengwa juu ya mteja anayetuma maombi kwa seva na kuketi akingoja matukio kutoka kwake. Mwaka 2009 Ryan Dahl alipotoa Node.js, mtindo huohuo ukawa kazi ya kila siku ya waandishi wengi wa programu za mtandaoni. Kilicho kigumu tangu zamani ni kuupima.

Mwalimu anajua kupima: unauliza swali, unalinganisha jibu na lililo sahihi, unaweka alama. Lakini hapa jibu hutegemea nani alitangulia mlangoni. Programu inaweza kufaulu jaribio mara tisini na tisa, na mara ya mia ikaanguka, kwa sababu tu safari hiyo ujumbe wa pili uliupita wa kwanza njiani. Ukiirudia, inafaulu tena, nawe huna ushahidi.

Kijana alilishughulikia tatizo hilo kwa namna iliyonipendeza. Katika kompyuta moja, juu ya meza yangu ya chakula, aliweka simu ya mwanachama, seva ya chama na njia iliyo kati yao, vyote vikiwa programu. Njia ilikuwa ya kwake, kwa hiyo aliiamuru apendavyo: ucheleweshe ujumbe huu, upoteze ule, huu ufikishe mara mbili, wa nyuma umpite wa mbele. Mpangilio ulichaguliwa kwa kura, lakini kila kura ilianza na namba iliyoandikwa, na namba ileile huzaa mpangilio uleule daima. Jaribio likianguka kwa namba fulani, unaipa namba hiyo tena na kosa linarudi lilivyokuwa, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kurudia alichokisema uani.

Saa nayo aliiondoa ukutani. Jaribio halikungoja nusu dakika ya kweli. Lilikuwa na saa ya bandia ambayo huisukuma yeye. Akisema sekunde thelathini zimepita, simu ile ya bandia inaamini, na subira ya siku nzima hupimwa kabla chai haijapoa. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba jaribio lisilale kamwe likitumaini kwamba likiamka jambo litakuwa limetokea. Lingoje tukio lenyewe. Kulala sekunde mbili ukidhani zinatosha ni kubahatisha, na siku mashine ikiwa na kazi nyingi zaidi, hazitoshi.

Hapo ndipo sarufi ilipoitwa kazini. Nilimwomba anisimulie mwendo mzima wa malipo nami niuandike kwa Kiswahili sanifu. Nikaandika: "Mwanachama alibonyeza, simu ikatuma ombi, seva ikalipokea, ikalipa, ikajibu, simu ikapokea jibu." Kila msomaji anaijua -ka- hii. Haisemi saa wala tarehe. Inasema tu kwamba hili limefuata lile, na mara nyingi kwamba limetokana nalo. Hadithi zetu zote hutembea kwa miguu yake.

Kijana akaniambia kwamba mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, alichapisha makala mashuhuri kuhusu jambo hilohilo. Saa za kompyuta mbili zilizo mbalimbali hazilingani sawasawa, kwa hiyo kuuliza kila tukio lilitokea saa ngapi hakutoshi. Uliza badala yake ni lipi limetangulia lipi kwa njia inayoweza kuonyeshwa. Ndani ya mashine moja, la kwanza limetangulia la pili. Kati ya mashine mbili, kutuma ujumbe kumetangulia kuupokea. Unga mnyororo huo, nao utakuonyesha utangulizi wote unaoweza kuthibitishwa. Matukio mawili yasiyoungwa na mnyororo wowote hayana wa kwanza wala wa pili. Yametokea huku na huku.

Nikamwambia: basi huyo alikuwa akitafuta -ka-.

Tukaifanya kuwa kanuni ya kazi. Kila nilipoandika -ka- ya kutoka mashine moja kwenda nyingine, alitakiwa anionyeshe ujumbe ulioibeba. Asipouona, -ka- ifutwe na mahali pake paandikwe "huku". Nyingi zilisimama. Moja ilianguka, nayo ilikuwa ndani ya maelezo ya wale walioiandika programu ya zamani: "Muda wa kusubiri ukiisha, simu huliacha ombi, na seva ikaliacha." Ujumbe gani ulioiambia seva iache? Haukuwapo. Simu iliacha kusubiri huku seva ikiendelea kulipa. Katika ile -ka- isiyo na mbebaji ndimo shilingi 150,000 za mwalimu mwenzangu zilimopotelea.

Likabaki swali la ukimya. Simu imetuma ombi na hakuna kinachorudi. Je, seva imekufa, au inakawia? Kijana alinieleza kwamba mwaka 1985 wataalamu watatu, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson, walithibitisha kwa hesabu jambo zito: pale ambapo ujumbe unaweza kukawia bila kikomo kinachojulikana, hakuna utaratibu usiotumia bahati utakaohakikisha daima kwamba mashine zitafikia uamuzi mmoja, ikiwa hata moja tu kati yao inaweza kuzimika. Mzizi wa ugumu ni kwamba aliyekufa na anayekawia, kwa anayengoja, wana sura moja. Wote wawili wamenyamaza.

Kwa hiyo ule ukomo wa kusubiri unaowekwa katika programu, sekunde thelathini au sitini, ni uamuzi wa anayengoja. Katika sekunde ya thelathini na moja simu haijajua lolote ambalo haikulijua katika ya ishirini na tisa, imechoka tu. Kuchoka si ushahidi. Kutoka hajajibu kwenda hakujibu simu hairuhusiwi kuvuka yenyewe, na programu ile ya zamani ilikuwa ikivuka kila siku.

Dawa ya upande wa fedha ni rahisi kuieleza. Kila ombi hupewa namba yake ya pekee linapozaliwa. Simu ikiuliza tena, huuliza kwa namba ileile. Seva iliyokwisha kulipa namba hiyo hailipi mara ya pili. Hurudia jibu lake la mwanzo. Majaribio yakaandikwa: seva ilipe, kisha jibu lipotezwe, simu iulize tena, na salio likutwe limepungua mara moja tu. Jibu la zamani lifike baada ya ombi jipya kuanza, nalo lisidhaniwe kuwa la jipya. Mwanachama abonyeze mara tano kwa hasira, na fundi alipwe mara moja.

Jambo hili washairi wanalijua kwa muda mrefu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa mwaka 1923, na katika kurasa za magazeti ya namna hiyo watunzi wetu walijibizana wakiwa miji mbalimbali, wasiopata kuonana. Shairi lilisafiri kwa posta, likangoja nafasi, likachapwa. Jibu nalo likapita njia ileile. Majibu yaliweza kupishana. Ndiyo maana mshairi makini, kabla ya kujibu, hutaja jina la mwenzake na shairi analolijibu. Huko ndiko kulipa jibu namba yake. Na aliyenyamaza toleo hili hakuhesabiwa kuwa ameshindwa, alikuwa hajajibu.

Upande wa maneno ndio uliotuletea ubishi. Mjumbe mmoja wa bodi ya chama alitaka "Ombi limeshindikana" ibaki. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: wazee wakisoma kwamba ombi halijajibiwa watapata wasiwasi na kujaza ofisi kwa simu. Hata kijana aliyumba kidogo.

"Shangazi, mtu anataka kuambiwa ndiyo au hapana."

"Na programu ikiwa haijui?"

"Atasema programu ni mbovu."

"Bora aseme mbovu kuliko iseme uongo. Aliyeambiwa hajajibiwa atangoja. Aliyeambiwa limeshindikana atabonyeza."

Mwisho tuliafikiana maneno haya: "Ombi lako halijajibiwa. Tunaendelea kuuliza. Huna haja ya kubonyeza tena." Chini yake namba ya ombi, ili anayepiga simu ofisini awe na cha kutaja. Pale seva yenyewe inapokataa, na pale tu, huandikwa: "Ombi limekataliwa," pamoja na sababu, kwa mfano kwamba salio halitoshi.

Kisha kijana akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Maneno yenyewe akayatia katika majaribio. Kila kura inapochezwa, jaribio husoma kilichoandikwa kwenye kioo cha ile simu ya bandia. Likikuta neno la kukata shauri hali kukataliwa hakujafika kutoka kwenye seva, jaribio huanguka, hata kama hesabu ya fedha ni sahihi hadi senti. Tofauti ya -ja- na -ku-, ambayo kwa miaka mingi niliiwekea vema na kosa kwa kalamu nyekundu, sasa inasahihishwa na mashine usiku kucha.

Mwenzangu hakurudishiwa fedha taslimu. Fundi alimlipa kwa kazi, akamjengea banda la kuku, nalo ni imara.

Nina ombi kwa wenzangu wa uwanja huu. Tunapojadili kama Kiswahili kinatosha kwa sayansi, huwa tunahesabu nomino. Tumebishana kuhusu kompyuta na tarakilishi, tumeipokea seva, na tutaendelea kuunda istilahi, kwa kuwa ni kazi ya lazima. Lakini kazi ya yule kijana haikukwama kwa kukosa nomino. Ilisonga mbele kwa -ka-, -ki- na -ja-, viambishi ambavyo bibi zetu walivitumia jikoni bila kuvipa majina. Waandishi wa programu walio wasemaji wa lugha hii wanabeba kipimo hiki vinywani mwao, na wengi wao huandika ujumbe wa kioo kwa kufasiri neno kwa neno kutoka lugha nyingine, wakikiacha kipimo hicho mlangoni. Tuwatafute. Tuketi nao. Tuwaombe watusimulie mwendo wa mashine zao, nasi tuziulize -ka- zao nani kazibeba.

Kijana alipoaga nilimwandikia ubeti huu nyuma ya daftari lake:

Sijasema hakujibu, huenda yuko njiani,
Kuchelewa si ajabu, njia zina mitihani,
Nitangoja kwa adabu, namba iko mkononi,
Hajajibu si hajibu, tuseme lenye yakini.

Ni ubeti mmoja, na shairi halijakamilika. Mwenye kuwa na wa pili aulete.